Shajara ya Mradi: Fundi na Lango la Maji

Juma la 1

Nimeanza upya. Rasimu ya zamani ilikuwa imefika kurasa 140 na nimeiweka kando yote. Shajara hii naiandika ili nijione ninavyokwenda, maana mara ya kwanza nilipotea njia bila kujua ni wapi nilipokosea.

Hadithi yenyewe ni ya mtu mmoja, Fundi, msafiri na mbunifu wa mitambo, anayetakiwa na mkuu wake afanye jambo ambalo nafsi yake inalikataa. Mkuu huyo ndiye aliyemwokoa maisha. Dunia ni ya kubuni. Mji wa Mwambani umejengwa juu ya jabali, mto unapita mita 40 chini yake, na mto ukishapita hapo unateremka hadi Bondeni, kwa watu ambao hawamtii mkuu wa Mwambani wala hawampigi vita. Wote wanakunywa mto mmoja.

Rasimu ya zamani iliharibika kwa sababu mkuu alikuwa mwovu tangu ukurasa wa kwanza. Alipiga watumishi, aliua kwa raha. Sasa mtu akimwasi dhalimu wa namna hiyo, mtihani wake uko wapi? Msomaji anajua jibu mapema, kisha anabaki kumsubiri Fundi kwa kurasa mia. Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: mkuu lazima astahili kupendwa.

Juma la 2

Nimepata jinsi walivyojuana. Zamani, kabla hajawa mkuu, walikuwa vijana wawili wanaotafuta njia ya kuvuka milima ya theluji. Fundi alianguka akavunjika mguu. Yule mwenzake akambeba mgongoni siku tisa. Chakula kilikuwa cha mtu mmoja, na sehemu kubwa alimpa Fundi. Walipofika penye watu, baridi ilikuwa imemla mbebaji vidole viwili vya mguu.

Hajawahi kumkumbusha jambo hilo hata mara moja, na hapo ndipo uzito ulipo. Angekuwa anamkumbusha, Fundi angepata pa kukasirikia.

Jambo dogo la lugha. Kwa sura tatu sikuwa nimeamua kama Fundi ni mwanamke au mwanamume, na Kiswahili kilinivumilia: alikwenda, alisema, alichoka. Nililazimika kuamua pale mkuu alipohitaji kumwita. Nilimsikia akisema "dada", na tangu hapo Fundi ni mwanamke. Wakiwa wawili wanaitana dada na kaka. Mbele ya watu yeye ni Mtukufu, na Fundi ni Fundi.

Juma la 3

Nimeondoa uchawi wa kiapo. Katika rasimu ya zamani, aliyeapa mbele ya jabali akivunja kiapo moyo wake ulisimama. Niliupenda mno uchawi huo, lakini ulikuwa unaiba hadithi. Ikiwa kiapo kinaua, basi Fundi anatii kwa kuogopa kufa, na uaminifu hauna kazi tena. Sasa kiapo ni maneno tu, na ukikivunja unaamka kesho yake ukiwa mzima, na jua limechomoza kama kawaida. Hiyo inanitisha zaidi.

Uchawi niliouacha ni wa mawe. Mawe ya Mwambani hushika sauti na kuirudia usiku, maneno ya mwisho yaliyosemwa karibu yake. Watu husema kuta zina masikio. Za mji huu zina na midomo.

Juma la 4

Juma zima sikuandika hadithi. Nilisoma habari za watu wa kweli waliowahi kusimama alipo Fundi, na nimetoka na mambo ambayo sitayaacha.

Kwanza Orban, fundi wa mizinga. Alimwendea kwanza mfalme wa Konstantinopoli, Constantine XI, ambaye hakuwa na fedha za kumlipa. Akaenda kwa Sultani Mehmed II, akamsubia mzinga mkubwa ajabu, na mwaka 1453 kuta za mji ule ule alioanza kuuomba kazi zikapigwa kwa mizinga yake. Nilimtazama nikaona kwamba huyu hana mgogoro wowote. Hakufungwa na mtu wala na kitu. Ananisaidia kujua Fundi si nani.

Leonardo da Vinci ananisumbua zaidi. Mnamo mwaka 1482 hivi alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, kuomba kazi, na karibu barua nzima ni madaraja ya vita, mizinga na magari ya kivita. Uchoraji unakuja mwishoni kabisa. Mtu huyo huyo aliandika katika daftari lake kwamba anajua njia ya kukaa muda mrefu chini ya maji, na kwamba hataieleza kwa sababu ya ubaya wa watu, ambao wangeitumia kutoboa meli na kuzizamisha pamoja na waliomo. Alitoa mengine, hili moja akalifungia. Mpaka wake aliuweka wapi, na kwa nini hapo? Ukurasa huo nimeunakili kwa mkono wangu.

Halafu Joseph Rotblat, mwanafizikia. Alikuwa Los Alamos, maabara ya siri ya Marekani, akishiriki kutengeneza bomu la atomiki kwa hofu kwamba Ujerumani ingelipata kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1944, ilipojulikana kwamba Wajerumani hawaliwezi, aliona sababu iliyomleta imekwisha, akaondoka. Aliambiwa asiwaeleze wenzake sababu halisi. Mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo Szilard alifanya vingine. Yeye ni miongoni mwa walioianzisha kazi hiyo mwaka 1939, na Julai 1945 aliandika ombi la kuzuia bomu lisitumike hivi hivi dhidi ya Japani. Wanasayansi 70 walitia saini. Rais Truman hakuwahi kuliona kabla mabomu hayajaangushwa.

Nimekaa na watu hawa siku nyingi. Rotblat aliondoka, na kazi ikaendelea bila yeye. Szilard alibaki akasema, na hakusikika. Simlaumu yeyote kati yao. Lakini Fundi wangu yuko mahali pabaya kuliko wote wawili, kwa sababu mtambo wake umekwisha kujengwa na unafanya kazi njema kila siku.

Juma la 5

Mtambo wangu ulikuwa hauwezekani. Nimeona aibu kidogo kugundua sasa, ila heri sasa.

Katika rasimu ya kwanza pampu ilikaa juu ya jabali ikinyonya maji kutoka mtoni, mita 40. Haiwezekani hata kwa pampu bora kuliko zote. Pampu inaponyonya, kinachoyasukuma maji kupanda bombani ni uzito wa hewa ya nje, na hewa hiyo inaweza kuyainua mita 10 na kidogo tu, pwani, tena kwa hesabu ya kitabuni. Kwa kazi halisi ni saba au nane. Ukipanda milimani inapungua zaidi. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alichora pampu nzuri ya silinda mbili inayonyonya na pia kusukuma, lakini inahitaji gurudumu kubwa la kuizungusha, nami nilitaka kitu ambacho mtu mmoja angeweza kukiwaza peke yake akiwa amekaa ukingoni mwa mto.

Nikakumbuka pampu ya pigo la maji. Joseph-Michel Montgolfier, yule wa maputo ya hewa moto, aliitengeneza ikawa inajiendesha yenyewe mwaka 1796. Haina moto, haina gurudumu, haina mtu. Maji yanateremka kwenye bomba la mwinamo na kutokea kwenye kilango cha kwanza. Yakishashika kasi, kasi hiyo hiyo inakifunga kilango kwa ghafla. Maji yaliyokuwa mbioni hayana pa kwenda, yanapiga, na pigo linafungua kilango cha pili kuelekea kwenye chombo chenye hewa iliyobanwa. Hewa inasukuma maji kidogo juu ya bomba jembamba. Kisha mgandamizo unapungua, kilango cha kwanza kinafunguka, na mambo yanaanza upya. Du. Du. Du. Usiku na mchana.

Nimejenga ndogo kwa mabomba ya plastiki, vilango viwili na chupa iliyopinduliwa. Nilifeli mara nne kwa sababu chupa ilikuwa inavujisha hewa. Mara ya tano ilianza kudunda yenyewe, na maji yaliyoanguka mita moja yakapanda hadi dirisha la ghorofani. Nilisimama pale nikiitazama mpaka giza likaingia. Sasa najua alivyojisikia Fundi siku ya kwanza, na ukurasa wa siku hiyo nimeuandika bila kufuta neno.

Hesabu nayo imenipa zawadi nisiyoitarajia. Maji yakianguka mita 2 ili kupandishwa mita 40, na pampu ikafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60, basi katika kila pipa 100 za mto ni 3 tu zinazofika juu. Pipa 97 zinaendelea na safari yake kwenda Bondeni. Yaani mtambo wa Fundi, kwa asili yake, unakunywa kidogo na kuwaachia wengine kingi. Hakupanga iwe hivyo kwa wema, maumbile ndiyo yaliyopanga. Anayetaka zaidi lazima ainue ukuta unaozuia mto, maji yaanguke kutoka juu zaidi.

Hapo mkuu anaingia.

Juma la 6

Wakimbizi wamefika Mwambani. Watu 60,000 wamekuwa 120,000. Sura nzima ni foleni ya ndoo. Imetoka kwa siku mbili.

Juma la 7

Mto wangu wakati wa kiangazi unatoa lita 500 kwa sekunde. Kwa ukuta wa mita 2 mji unapata lita 15 kwa sekunde, ambazo ni kama lita 22 kwa kila mtu kwa siku walipokuwa 60,000. Sasa zimegawanyika nusu. Ukuta wa mita 6 ungepandisha lita 45. Mkuu anataka mita 6, na ana haki. Nimeisoma hoja yake kwa sauti mara kadhaa na kila mara nimekubaliana naye.

Shida ni kulijaza bwawa nyuma ya ukuta huo. Ukifunga mto wote, siku 21. Mwambani kuna mabirika yenye akiba ya siku 30, Bondeni hakuna kitu. Rafiki ninayempa kurasa zangu azisome aliniuliza papo hapo, "Kwa nini wasifunge nusu?" Swali zuri, na nilikuwa sijalijibu. Kwa hiyo Fundi analiuliza yeye mwenyewe. Nusu ya mto ni siku 42, na pampu zinaendelea kudunda polepole. Mkuu anakubali mbele ya wazee wote. Anampa mkono.

Usiku wa kumi Fundi anaamka. Hajui kimemwamsha nini. Baadaye anatambua: kimya. Kwa miaka yote amelala akisikia du, du, du, na sasa hakuna. Anateremka langoni peke yake na taa. Lango limefungwa lote. Anaweka kiganja ukutani, na jiwe linamrudishia sauti anayoijua kuliko sauti zote:

"Fungeni lote. Na dada yangu asiamshwe."

Niliandika sentensi hiyo nikainuka mezani nikatoka nje. Ingekuwa rahisi kama angesema neno la ukatili. Anavunja ahadi, na katika kuivunja bado anamwonea huruma ya usingizi.

Nimeanza pia kuyatazama maneno yenyewe. Nilikuwa nikiandika "utiifu" na "uaminifu" kama kwamba ni kitu kimoja. Utiifu una mkubwa na mdogo. Uaminifu uko jirani na amana, kitu cha mtu ulichoachiwa ukitunze. Fundi ameachiwa amana na nani? Mkuu alimwachia mji. Lakini mto unaofika Bondeni umepita mikononi mwake pia, na hakuna aliyemwapisha kwa ajili ya huo. Sitamfanya alitamke hili. Hana muda wa kuchambua maneno, ana lango limefungwa.

Juma la 8

Hakuna maendeleo. Niliandika mabishano kati ya kaka na dada, kurasa kumi na mbili, kila mmoja akieleza msimamo wake vizuri. Nimezifuta. Watu wanaopendana hawagombani kwa hoja zilizopangwa namna ile. Kilichobaki ni hiki:

"Ulinipa mkono, kaka."

"Nilikupa."

Basi.

Juma la 9

Siku ya 19 wazee wa Bondeni wanapanda jabali kuomba maji. Wanapiga magoti. Mkuu anawainua haraka, kwa aibu ya kweli, anawapa maji ya kunywa kwa mkono wake. Lakini ameona. Miaka yote Bondeni hawakumwinamia, na sasa wameinama bila mkuki hata mmoja kurushwa. Kesho yake anataka ukuta ufike mita 9.

Hesabu tena, na safari hii inanitia baridi. Kina kikiongezeka mara moja na nusu, na bwawa likirefuka na kupanuka vivyo hivyo, ujazo wake unazidi mara tatu. Ukuta wa mita 6 unaweza kuwanyima Bondeni mto kwa majuma matatu. Wa mita 9, kwa siku 70, kiangazi chote. Mji hauhitaji mita 9. Lita 45 zinatosha na kubaki. Naamini hapa ndipo mahali pa Fundi pa kusimama, kama Leonardo na daftari lake: mita sita ni kiu ya watu wake, na zinazozidi hapo hazihusiani na kiu.

Kuna jambo la pili, la kifundi tupu, na linamfaa kwa sababu yeye ni fundi kabla ya kuwa kitu kingine. Msukumo wa maji kwenye ukuta huongezeka kwa mraba wa kina. Kutoka mita 6 hadi 9 ni zaidi ya mara mbili, na nguvu ya kuupindua ukuta ni zaidi ya mara tatu. Msingi aliujenga yeye, kwa mita 6. Anamwambia mkuu utavunjika. Mkuu anatabasamu, anamshika bega.

"Na mlima ule ulisema hatuvuki, dada. Tukavuka."

Atamjibu nini? Anamjibu mtu aliyekatika vidole kwa ajili yake. Waashi wanaanza kupanga mawe, na chini ya ukuta pametokea unyevu.

Juma la 10

Kwa muda mrefu nilikuwa na tukio moja la kishujaa nililolitunza kwa ajili ya mwisho: Fundi anavunja ukuta usiku na kukimbia. Nimelitupa. Nilipolifanyia hesabu niliogopa. Bwawa lililojaa lina mita za ujazo 900,000. Ukilivunja kwa mara moja, maji hayo yanawafikia Bondeni kama ukuta unaotembea, na wanaokufa ni wale wale aliotaka wanywe. Angewaua kwa huruma yake.

Lazima literemshwe polepole. Nimekadiria kwamba mkondo wa chini unabeba mita 5 za ujazo kwa sekunde, juu ya maji ya kawaida ya mto, bila kuvunja kingo. Gawanya: sekunde 180,000. Saa 50.

Hakuna mtu anayeweza kufanya jambo kwa siri kwa saa 50. Mchana mbili, usiku mbili, mbele ya askari, waashi na mji mzima unaotazama kutoka juu. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumfanya Fundi amwasi kaka yake bila kumfanyia hila, na kumbe hesabu ilikuwa inaningojea. Dhamiri inamsuta yeye kimoyomoyo, naye sasa anakwenda kusuta hadharani, uso kwa uso, kwa gurudumu la lango, robo zungusho kila baada ya muda.

Anaanza asubuhi, siyo usiku. Kabla ya kugusa gurudumu anapanda ngazi zote hadi barazani na kumwambia mkuu anachokwenda kukifanya. Na mji? Pampu zitarudi kwenye mita 2, na watu 120,000 watarudi kugawana lita 15 kwa sekunde mpaka mvua. Sitalifunika hilo. Mama mmoja mkimbizi, mwenye ndoo, anamwambia njiani: "Shukrani ya punda ni mateke." Fundi anampisha apite.

Juma la 11

Saa 37 za mwanzo zimekwisha kuandikwa. Kazi yenyewe ni ya kuchosha na nimeiacha ichoshe: kupima maji kwenye nguzo, kuzungusha, kungoja, kupima tena. Mikono inatoka malengelenge. Askari wamesimama hatua kumi nyuma yake wakingoja amri. Wengi wao wamekua kwa maji yake. Amri haiji. Jioni ya pili pampu moja inashika pumzi na kuanza kudunda, du, du, na askari kijana anageuza uso.

Mkuu akija afanye nini? Nimeandika njia tatu. Ya kwanza anapiga magoti kuomba radhi. Nilijua ni uongo kabla sijamaliza aya. Ya pili anaamuru Fundi afungwe, na hapo tumerudi kwa mkuu wa rasimu ya zamani. Ya tatu anakuja usiku wa pili peke yake, bila taa, akichechemea kwa ule mguu. Askari wanasogea. Anakaa juu ya jiwe karibu na gurudumu. Hamzuii, na mkono wake hausogei kusaidia. Wanasikiliza maji.

Nilidhani watasema mengi. Nimewapa maneno haya tu, na nimeyaacha usiku tatu kuona kama yatasimama. Yamesimama.

"Dada, umechoka?"

"Nimechoka, Mtukufu."

Hakuna mtu mwingine pale wa kusikia cheo hicho. Anakaa kimya kwa muda. Fundi anainuka, anapima nguzo, anarudi, anazungusha robo.

Nilipoishia ni saa ya 38. Mkuu bado amekaa pale. Zimebaki saa 12, na kesho naanzia hapo hapo, kabla hakujapambazuka.